Mwaka Moto Ulipoingia Ziwani

Kadi ya uchaguzi ya koko ilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1940. Kwetu Kongo kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho, na wazee wengi wa Masisi walizaliwa siku hiyohiyo, 1 Januari, kwa kuwa karani aliyekaa nyuma ya mashine alitaka tarehe na mzee aliyesimama mbele yake hakuwa nayo. Koko hakuipenda ile kadi. Yeye tarehe alikuwa nayo, ila fomu haikuwa na mahali pa kuiweka. Alizaliwa, kama alivyosema mwenyewe, mwaka moto ulipoingia ziwani.

(Mama wa mama yangu namwita koko. Ukisema bibi, mtu wa Goma atakuuliza mmeoana lini.)

Nyabiondo, kwetu, iko pale malisho ya Masisi yanapokwisha na msitu wa Walikale unapoanza. Jibini na maharagi vinatoka juu, mawese na ndizi vinatoka chini, vinakutana sokoni. Udongo ni mweusi na laini; ukiliachia jembe linazama lenyewe. Volkano huioni kutoka barabarani, milima imeziba. Lakini juu ya shamba la koko kulikuwa na kilima, na ukikipanda usiku usio na mvua uliona mawingu ya mashariki yamekuwa mekundu kwa chini, kama dari ya jiko lenye makaa. Wekundu huo wa kulia ulikuwa Nyiragongo. Mara nyingine ulitokea wa pili, kushoto kidogo na karibu zaidi na sisi: Nyamulagira. Kwa mstari wa ndege ni zaidi ya kilomita 50. Kwa miguu, koko alisema, ni umbali wa kutokwenda.

Yeye hakuwahi kuukaribia mlima wowote kati ya hiyo miwili. Mlima ndio uliomfuata. Pepo za kwetu mara nyingi husukuma moshi wa volkano magharibi, na Nyamulagira ukilipuka, Masisi ndiyo inayoula huo moshi. Majani ya maharagi yalitoboka matundu madogo yenye kingo za kahawia, mtu angedhani ni wadudu, ila hapakuwa na mdudu. Juu ya mabati ulitanda unga wa kijivu. Koko alizuia watoto wasikinge maji ya mvua ya kwanza. Aliyaacha yaoshe paa, kisha ndoo ikawekwa. Hakuna aliyemfundisha kemia. Alikuwa ameona mbuzi wakikataa maji hayo, basi.

Na moto ndio ulikuwa kalenda yake. Hakusema 1958, alisema aliolewa mwaka moto ulipotokea kabla wazungu hawajaondoka. Hakusema 1977, alisema mwaka kaka yake alipokwenda Goma kununua chumvi akarudi baada ya wiki mbili bila chumvi, akisimulia habari za tembo. Sisi wajukuu tuliosoma shule ya misheni tulicheka kimoyomoyo. Tulikuwa na kalenda ya ukutani, ya kampuni ya bia, yenye picha.

Agosti 2019 nilikuwa mwanafunzi Goma na sina karo. Mbuga ya Virunga ilikuwa imefunguliwa tena mapema mwaka huo baada ya kufungwa tangu Mei 2018, wageni wakarudi, nami nikaenda Kibati kuomba kazi ya kubeba mizigo. Ndivyo nilivyozuru volkano yangu: na begi la mtu mwingine mgongoni na mfuko wa makala juu yake, kwa maana huko juu hakuna kuni na usiku mzungu anaganda.

Njia inaanza msituni, taratibu. Baada ya saa moja unatoka kwenye miti na kuanza kukanyaga lava ya mlipuko wa 2002, mawe mepesi yanayoteleza na kulia chini ya kiatu kama vigae. Hapo ndipo mlinzi wa mbuga aliyetuongoza, bunduki begani, aliposimama kuwapumzisha wageni na kuwaeleza kwa Kifaransa. Kisha akatugeukia sisi wabebaji akarudia yote kwa Kiswahili, bila kuombwa. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Alitueleza kwamba lava ya Nyiragongo haifanani na za wengi. Ina silika kidogo mno, kwa hiyo haiwi nzito kama uji; inamwagika kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu lilipasua ubavu wa mlima likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Penye mteremko mkali lilikwenda kasi kuliko gari la barabarani. Vijiji vilivyokuwa njiani havikupata muda wa kupiga kelele. Hesabu za waliokufa zinatofautiana sana hadi leo, kuna wanaosema makumi na kuna wanaosema mamia. Na kundi la tembo lilikutwa msituni. Lava iliwazunguka, ikapoa na kuganda, miili ikaoza ndani yake, yakabaki matundu. Matundu yenye umbo la tembo.

Nilisahau begi lililokuwa likinikata mabega. Kumbe kaka yake koko hakuwa muongo. Nyumbani habari ile ilikuwa hadithi ya kulalia: mtu aliyeona tembo waliogeuka mashimo. Mzee huyo alikufa watu wakimwita mzushi, na miongoni mwa waliomwita hivyo nilikuwemo.

Mlinzi alituonyesha kitu kidogo cha namna hiyohiyo, hatua chache nje ya njia. Ulikuwa mti. Yaani mahali ulipokuwa mti: bomba lililosimama ndani ya lava, kipenyo cha sufuria ya wali. Mti uliungua lakini kabla haujaisha lava ilikuwa imekwisha kuushika. Niliingiza mkono hadi begani. Ndani kulikuwa na ubaridi na unyevu, na vidole vyangu viligusa mistari ya gamba la mti ule, wima, moja kwa moja, imechapwa kwenye jiwe upande wa ndani. Chini kabisa jani changa la kangaga lilikuwa limeota. Nilibaki hapo mpaka nikaitwa.

Juu ni zaidi ya meta 3,400. Vibanda vya mbao vilikuwa vimepangwa ukingoni, upepo ukivipiga, na mbele yako ardhi ilikatika. Shimo lina upana wa zaidi ya kilomita moja. Huko chini lilikuwapo ziwa, kubwa kuliko ziwa lolote la lava duniani kwa wakati ule, na sauti yake haikuwa ya moto. Ilikuwa ya ziwa Kivu usiku wa dhoruba, mawimbi yakipiga mawe. Ngozi nyeusi ilitanda juu yake, ikapasuka mistari ya dhahabu, ikazama, ikatanda tena. Wageni walipiga picha mpaka betri zikaisha. Mimi niligeuka nikatazama magharibi, gizani, upande wa kwetu. Bila shaka sikuona kitu. Nyabiondo haina mwanga wa kuonekana kutoka popote.

Wanyarwanda wa zamani walisema wafu huenda kwenye milima hii: walioingizwa katika ibada ya Ryangombe hupata Karisimbi wenye ubaridi na utulivu, na wasioingizwa hutupwa Nyiragongo. Nilipomsimulia koko hilo aliniuliza swali moja tu: "Na Wahunde wetu wanaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Wanabaki shambani."

Niliporudi mjini nilikwenda kwenye kituo cha uchunguzi wa volkano, ambacho Goma nzima inakiita OVG. Kipo tangu 1986. Nilitaka jambo la kitoto: nilitaka kujua koko alizaliwa lini. Mtumishi mmoja mwenye subira alinipa orodha ya milipuko ya Nyamulagira, ukurasa na nusu, akaniruhusu ninakili. Nyamulagira hulipuka mara nyingi kuliko karibu volkano zote za Afrika. Kwa vipindi vingi haukupita miaka minne bila moto. Nilipitisha kidole mpaka miaka ya thelathini. Ilikuwepo. Mlipuko ulioanza Januari 1938 ukaendelea hadi Juni 1940, lava ikiteremka mpaka ikaingia Ziwa Kivu upande wa Sake. Miaka miwili na nusu ya moto. Na koko alishasema mara nyingi, kwa majivuno, kwamba alikuwa tayari anatembea moto ulipozimika. Basi hakuzaliwa 1940. Alizaliwa 1938, au kwa kuchelewa sana katikati ya 1939. Kadi ya serikali ilikuwa imekosea na mlima umepatia.

Niliendelea kusoma ile orodha huku nikiweka maisha yake pembeni. 1958, ulikuwepo kweli. Desemba 1976 hadi Aprili 1977, Nyamulagira ukiwaka huku Nyiragongo ukimwagika. Julai 1994, wiki zilezile ambazo wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma kwa mamia ya maelfu. Desemba 1996, vita ya kumwondoa Mobutu ikiwa imeshafika kwetu. Mei 2004. Mwisho wa Novemba 2006, risasi zikiwa bado zinalia Sake. Koko hakuwa na shaka kwamba mlima na vita ni ndugu, kwamba kimoja humwamsha mwenzake. Sikubaliani naye. Mlima unafuata ufa wa bara, Afrika inayojitenga polepole, haujui jeshi la nani. Nionavyo, nchi isiyopata mwaka wa amani haiwezi kupata mlipuko usioangukia vita.

Lakini nilipofika mwisho wa orodha niligundua nilichokuwa nikikitafuta bila kujua: orodha ya namna hiyo ya Nyabiondo, nayo haikuwepo. Desemba 2004 Nyabiondo ilishambuliwa. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, wanawake walitendewa yasiyosemeka, sisi wengine tulikimbilia msitu wa upande wa Walikale tukala mihogo mibichi. Kabla ya hapo ilikuwa 1993, moto wa watu ulioanzia sokoni Ntoto ukapanda Masisi yote. Na baada ya 1993 zimekuja siku nyingine za kukimbia ambazo koko alizihesabu kwa masufuria: sufuria iliyobaki 1996, sufuria iliyobaki 2007. Mlima una mashine chini ya ardhi inayoandika hata mtikisiko usiohisiwa na mtu, saa na dakika. Mtumishi yule alinionyesha mstari unaocheza kwenye skrini. Nilitamani kumwuliza mashine ya Nyabiondo iko chumba gani. Nikaona aibu, nikamshukuru nikaondoka.

Usiku wa 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena bila kutoa ilani. Fedha za nje za kituo zilikuwa zimekatika tangu mwaka uliotangulia. Wataalamu wengine wanasema hata vyombo vyote vingekuwa kazini, ufa ule ungewahi. Anga ya Goma iligeuka rangi ya chungwa, watu wakamiminika barabarani na magodoro, wengi kuelekea mpaka wa Gisenyi, Rwanda, kama 2002. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Thelathini na kitu walikufa, maelfu ya nyumba zikaondoka. Siku tano baadaye, kwa hofu kwamba lava ilikuwa inajipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa lenye gesi, gavana aliamuru mitaa 10 ihamwe, na watu kama laki nne wakaondoka, wengi wakielekea Sake.

Simu ya Nyabiondo ilipata mtandao siku ya tatu. Koko hakuuliza juu ya nyumba yangu. Alisema, "Mmeshazima taa." Ziwa lilikuwa limemwagika, kasoko tupu, na kutoka kilimani mashariki kulikuwa kweusi kwa mara ya kwanza katika miaka karibu 20. Alikuwa na miaka 82 kwa kalenda ya mlima. Alisema usiku umekuwa mrefu. Miezi iliyofuata moto ulianza kuonekana tena chini kabisa ya shimo, lakini haukutosha kupaka mawingu ya kwetu, au labda ni macho yake.

Safari yake ya mwisho ya kukimbia ilimleta Bulengo, magharibi ya Goma, mwanzo wa 2024. Kambi ilikuwa imejaa watu wa Masisi. Turubai nyeupe juu ya mawe meusi. Mama zetu, waliozaliwa katika udongo unaomeza jembe, walikaa juu ya lava wakijaribu kusimamisha mti wa hema kwa kuurundikia mawe, maana kuchimba hakuwezekani. Koko alipofika aligonga ardhi na fimbo yake mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. "Hapa ndipo unapotoka," akaniambia. Nadhani alimaanisha moto.

Sehemu ile ina mazuku. Ni neno letu la Kiswahili, na wanasayansi wa dunia nzima wameliingiza katika vitabu vyao kwa sababu hawakuwa nalo: hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikajikusanya kwenye mabonde madogo usiku usio na upepo. Haina rangi. Anayesimama mara nyingi anapita salama, anayelala chini haamki. Asubuhi unakuta mbuzi, ndege, mara nyingine mtoto aliyetumwa maji. Wenyeji waliwaonyesha wageni mashimo ya kukwepa. Koko alilifurahia neno hilo. Alisema angalau wamekipa jina.

Hakuuawa na mazuku. Alikufa Septemba, homa ya siku nne, juu ya godoro jembamba, akiwa na miaka 85 au 86.

Kwetu mtu anazikwa kando ya migomba yake, na wanaume wawili wanamaliza kaburi kabla jua halijawa kali. Kule kaburi lilichimbwa siku nzima. Tulikodi vijana wanne wenye mitalimbo, wanaovunja mawe ya kujengea kila siku, nao walilipwa kwa kina: bei ya goti, bei ya kiuno, bei ya kifua. Tulikuwa na fedha za kiuno. Kila pigo la mtalimbo lilitoa cheche. Mmoja wao, kwa heshima, aliniomba nisogee nisipigwe na vipande machoni. Udongo wa kumfukia haukuwepo. Tulimfunika kwa mawe, makubwa kwanza, kisha kokoto. Shangazi alikuwa amebeba mfuko mdogo wa udongo uliotoka Nyabiondo, sijui alitoka nao vipi katika mkimbio ule, akaumwaga kifuani pa sanduku. Uliingia wote kwenye viganja viwili.

Seremala aliyechonga msalaba aliuliza mwaka wa kuzaliwa. Shangazi akatoa kadi. Nikamrudisha mkono, nikamwambia seremala aandike 1938. Akatazama kadi, akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya moto ulioingia Sake, na mtoto aliyekuwa anatembea ulipozimika. Alisikiliza mpaka mwisho, akachovya brashi, akaandika. Alidai tarakimu ni bei moja na herufi.

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari watu wa Bulengo wakapewa saa 72 za kuondoka. Mahema yalikunjwa. Wengi walirudi Masisi kwa miguu, juu ya mizigo yao wakiwa wamebeba hata mawe matatu ya jiko. Shangazi alifika Nyabiondo, akakuta paa halipo na migomba imesimama, na tangu hapo amekimbia tena mara moja.

Mimi nilikwenda kutazama kaburi miezi michache baadaye. Mahali palipokuwa kambi palikuwa pamerudi kuwa lava tu, na vipande vya turubai vikipepea penye ncha. Makaburi yaliendelea nyuma yake, lundo la mawe na lundo la mawe. Msalaba wake haukuwepo, wala wa jirani zake. Mbao ni mbao, na usiku wa ziwani una baridi. Nilikumbuka lilikuwa la tatu kutoka mti wa mkaratusi, ila mkaratusi nao ulikuwa umekatwa na kuna visiki viwili. Nilihesabu kutoka kisiki cha kwanza, nikahesabu kutoka cha pili. Nikachuchumaa kati ya malundo mawili, nikainua jiwe moja la juu kutafuta udongo mweusi.